Siku Shamba Lilipoitwa Ofisini

Kulikuwa na nchi. Kama bado ipo, si kosa langu.

Jina lake nalijua ila silitaji, maana katika nchi hiyo kulitaja jina la nchi bila kusimama ni faini, na mimi naandika nimekaa. Niseme tu kwamba ilikuwa na bendera, wimbo na mawaziri arobaini na mmoja, na kwamba huko pembeni kabisa, pale ambapo ramani huchafuliwa na kidole gumba cha anayeishika, palikuwa na Kaunti ya Mwishoni. Huko ndiko nilikofanya kazi miaka thelathini na miwili nikipima pamba kwenye mizani ya ushirika. Kisha ushirika ukafa, pamba ikafa, tukabaki mimi na mizani. Watu wakaendelea kuniita Mzee wa Mizani, nami nikaendelea kuitika.

Basi mwaka mmoja ikaingia homa ya kwikwi. Msicheke, ilikuwa kwikwi ya kweli. Mtu alishikwa asubuhi, ikifika jioni hawezi kumaliza sentensi. Na kwa kuwa serikali ile iliendeshwa kwa hotuba, viongozi ndio waliotishika kuliko sisi sote. Wakafunga shule, wakafunga makanisa na misikiti, wakafunga masoko. Redio ikatangaza: hakuna kuuza wala kununua mpaka kwikwi iishe.

Wakulima wa Mwishoni walitii. Nyanya hazikutii. Nyanya hazina redio. Ziliendelea kuiva kwa ukaidi, zikawa nyekundu, zikapasuka, zikadondoka, zikaoza zikiwa zimelala juu ya mistari yao kama askari waliokufa kwenye gwaride.

Kati ya waliolima nyanya mwaka huo alikuwamo Nyamizi, mjane wa makamo mwenye wajukuu watatu na shamba la robo ekari. Shamba lenyewe aliachiwa na mama yake, ambaye aliachiwa na mama yake. Robo ekari si kitu, najua, lakini udongo ule ulikuwa mweusi tititi, na mnono. Mimi mwenyewe nilidondosha hapo kijiti cha kuchokolea meno nikiwa napita, mwaka uliofuata nikakuta watu wanapumzika kivulini mwake.

Nyanya za Nyamizi zilipoisha kuoza, nyumba yake ikala akiba. Akiba ilipokwisha, ikala mbegu. Huko kwetu mahindi ya mbegu hutundikwa juu ya meko yashike moshi, na hata mwizi akiingia jikoni huyapita kwa adabu. Nyamizi alikuwa na mahindi ishirini na manne. Kwikwi ilipotimiza mwezi wa tano, yalibaki matatu.

"Haya matatu hayaliwi," aliwaambia wajukuu wake. "Mkishikwa na njaa, yatazameni."

Wakawa wanayatazama.

*

Ndipo Mfariji Mkuu wa Taifa, ambaye pia alikuwa Rais siku za kazi, alipozungumza redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimelia. Daktari wangu ni shahidi, alikuwepo, alikinga machozi kwa chombo maalumu. Nimelia kwa ajili ya mashamba ya nchi hii. Nimeagiza kila shamba lililoathirika lipewe faraja. Robo ekari, laki mbili. Nusu ekari, laki nne. Sitaki kusikia shamba lolote limelala bila faraja."

Mwishoni yote ilipiga vigelegele. Laki mbili kwa Nyamizi zilikuwa mbegu, mbolea, na chakula mpaka mavuno. Kilichobaki ni kuzipata kabla mvua haijanyesha, kwa sababu mvua kama nyanya, nayo haina redio.

Baada ya wiki tatu akapanda barazani pa ofisi ya kaunti Mheshimiwa Bwenge, Mratibu Mkuu wa Faraja, akiwa na kipaza sauti na Waraka Namba Saba. Sisi tulisimama uwanjani hatua nne nne, kila mtu ndani ya duara lake la chokaa.

"Safari hii serikali imejifunza," akasema Mheshimiwa. "Faraja ya ukame tuliwalipa wakulima. Mkulima ni binadamu, na binadamu ni mwongo. Tulilipa wakulima elfu nne katika kaunti yenye wakulima elfu mbili na mia tatu. Mmoja wao baadaye aligunduliwa kuwa mbuzi."

"Mbuzi wa nani, Mheshimiwa?" akauliza Mzee Kifuti kutoka kwenye duara lake.

"Swali hilo liko mahakamani."

Mimi mbuzi yule nilimjua. Alikuwa na kamba nzuri sana, ya rangi ya gari la Mheshimiwa. Lakini tuendelee.

"Kwa hiyo faraja hii," akasema, "haitapita mikononi mwa mkulima kabla afisa hajaliona shamba lenyewe kwa macho yake. Shamba halidanganyi. Shamba halina ndugu wizarani. Afisa ataliona, ataliandikisha, ataidhinisha malipo."

Tukapiga makofi. Kwa kweli lilikuwa jambo la busara.

"Hata hivyo," akafunua ukurasa, "maofisa wote wamekatazwa kusafiri kwa ajili ya kwikwi. Posho ya safari wataendelea kulipwa, wasije wakasahau jinsi ya kuipokea. Na kwa kuwa afisa hatakwenda shambani, shamba litakuja kwa afisa. Siku ya mwisho ni mvua ya kwanza."

Kwingineko nadhani watu wangecheka. Mwishoni hakucheka mtu, na nitawaambia sababu.

Kwetu shamba huitwa. Watu wawili wakigombea mpaka, wazee huliita shamba barazani. Mwenye shamba huchimba bonge la udongo katikati ya shamba lake, hulifunga kwa jani la mgomba, hulibeba kwa mikono miwili mpaka barazani. Huko watu husimama, husalimu. Bonge halisemi, lakini hakuna anayethubutu kudanganya mbele yake. Kesi ikiisha, bonge hurudishwa kwenye shimo lake kabla jua halijazama. Tangu babu wa babu yangu halijasikika bonge lililolala nje.

Kwa hiyo tuliposikia shamba linaitwa ofisini, tuliona hatimaye serikali imejifunza adabu.

*

Nyamizi alikuwa wa kwanza. Alikuja na bonge lake kwenye jani la mgomba, amelikumbatia kama mtoto wa siku tatu. Waliokuwa kwenye foleni wakainuka.

"Shamba, shikamoo."

"Marahaba," Nyamizi akaitikia kwa niaba yake.

Karani wa faraja alikuwa Simforoza, binti mpole mwenye mwandiko mzuri, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuacha nafasi ya fomu ikiwa tupu.

"Jina la shamba?"

"Halina jina, mwanangu. Sisi husema tu shambani."

"Shambani," akaandika Simforoza. "Jinsia?"

Nyamizi akalitazama bonge. "Linazaa."

"Ke. Hali ya ndoa?"

"Andika mjane!" akadakia Mzee Kifuti. "Mwenye jembe alikufa zamani. Huyu mama halimi, anakwaruza."

Msishangae. Kifuti na Nyamizi ni watani, ukoo kwa ukoo, na siku wasipotukanana watu huuliza kama kuna mgonjwa.

"Nyamaza, mla matanga!" Nyamizi akamgeukia. "Shamba lako lina magugu mpaka nyoka wanapotea njia wanaanza kuulizana!"

"Ukifa wewe nitakula wali wako na kuku wako, na jeneza nitalikalia."

"Utangulie kufa ndipo utajua nani atalikalia!"

"Kimya foleni," akasema Simforoza. "Je, shamba limesafiri nje ya nchi siku kumi na nne zilizopita?"

"Limetoka nyumbani leo, mara ya kwanza tangu bibi yangu."

"Lina kwikwi?"

Sote tukanyamaza tukalisikiliza bonge. Baada ya dakika moja Simforoza akaandika *Hapana*, akalikandamiza bonge kwenye karatasi mahali pa dole gumba, kisha akalipiga muhuri. Muhuri ulizama, ukatoka umeshika udongo, na tangu hapo nyaraka zote za kaunti zilikuwa na doa la Nyamizi.

Mlango ukafunguka, akatoka Mheshimiwa Bwenge anaelekea chakula cha mchana.

"Hiki nini?"

"Shamba la Bi. Nyamizi, Mheshimiwa. Robo ekari."

"Hili ni shamba zima?"

"Ni bonge lake, Mheshimiwa," akasema Nyamizi akipiga goti kidogo. "Ndivyo tunavyoliita barazani."

Mheshimiwa akalizunguka lile bonge mara mbili, kama mtu anayenunua redio iliyotumika.

"Mama, mimi niidhinishe laki mbili za shamba zima, na lililokuja ni kipande? Na kile kilichobaki nyumbani kikija kesho kudai chake, nitakijibu nini? Mkaguzi atasema Bwenge alilipa shamba hewa. Hapana. Shamba litalipwa kwa kadiri lilivyofika. Leteni mizani."

Hivyo ndivyo nilivyorudi kazini. Mizani ile imezoea marobota ya pamba. Kwa bonge moja mshale uliona haya hata kuinuka. Nikaugonga kwa kucha.

"Kilo moja na nusu, Mheshimiwa."

Kikaletwa kitabu cha wizara. Kitabu kilisema robo ekari, kwa kina cha jembe, ina tani hamsini. Aliyeipima nani, kitabu hakikusema. Simforoza akagawa, akazidisha, akafuta, akagawa tena.

"Shilingi sita," akasema kwa sauti ndogo.

"Shilingi sita!" Mheshimiwa akapeana mkono na Nyamizi, kisha akakumbuka kwikwi akajifuta. "Hongera. Toa na ada ya fomu, shilingi kumi."

Nyamizi alisimama pale, shamba lake limelipwa na bado linadaiwa nne.

"Mheshimiwa," akasema, "na likifika lote?"

Hata punda wa Kifuti, aliyefungwa nje, alitega sikio.

"Likifika lote," akasema Mheshimiwa akitazama saa yake, "litalipwa lote. Hiyo ndiyo haki."

Nimeifikiria kauli hiyo miaka yote hii. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Alikuwa na nia ya kwenda kula.

Jioni Nyamizi akarudi dirishani. "Mwanangu, nipe bonge langu, jua linazama."

"Mama, siwezi. Limepewa namba, ni kielelezo," akasema Simforoza. "Malipo yakitoka utaondoka na vyote, hela na udongo wako."

Nyamizi akaenda nyumbani mikono mitupu. Usiku ule bonge lililala ofisini, chini ya kalenda ya Mfariji Mkuu.

*

"Sasa umepanga nini?" Kifuti alimuuliza kesho yake, alipomkuta anachimba. Nami nilikuwepo, nimepita kuulizia mboga.

"Nalipeleka."

"Lipi?"

"Shamba."

Kifuti akaketi juu ya tuta. "Nimeona wanawake wakihama na masufuria. Nimeona mmoja amehama na mlango. Sijaona aliyehama na shamba."

"Leo utaona. Likishaandikwa, likalipwa, litafanya nini tena ofisini? Shamba linaloitwa hurudi. Nitalipeleka, nitalirudisha, nipande."

"Na wasipolirudisha?"

Nyamizi akasimamisha jembe. "Mtani, ndani nina mahindi matatu. Unataka nikae niyatazame pamoja na wale watoto?"

Kifuti akaenda akafunga punda wake kwenye mkokoteni. "Nakuazima kwa sababu moja tu," akasema aliporudi. "Punda wangu alikuwa anajiona ndiye mjinga peke yake kijijini. Nataka apate mwenzake."

Mkokoteni ulibeba nusu tani. Hiyo ni safari mia moja, maili mbili na nusu kwenda, mbili na nusu kurudi. Walipiga safari tatu kwa siku. Siku ya pili mgambo aliwasimamisha njiani kwa sababu punda hakuvaa barakoa. Akavalishwa. Siku ya tatu wakasimamishwa tena kwa sababu barakoa moja haikufika puani. Akavalishwa mbili. Siku ya nne waliambiwa mzigo wenyewe haujafunikwa, na shamba lingeweza kuambukizwa, basi Nyamizi akalifunika kwa khanga yake, akawa anatembea nyuma na khanga moja.

Watu walipoona Nyamizi amebakiza safari themanini tu, wakaogopa kuachwa. Wakaja na baiskeli, na ndoo, na magunia. Wengine walikuja na udongo kwenye kofia. Bibi mmoja kipofu wa Kitongoji cha Juu alileta shamba lake kidogo kidogo kwenye sahani, akiuliza kila siku, "Bado mengi?" Kaunti nzima ikawa barabarani, mashamba yanapishana na mashamba, wenye mashamba wanasalimiana.

Mimi nilipima. Kila mzigo niliandika uzito wake, nikausoma kwa sauti, nikaelekeza umwagwe nyuma ya ofisi, kwenye kiwanja cha Mheshimiwa, kwa kuwa ndicho kilichokuwa wazi. Mizani yangu haikumpunja mtu hata chembe. Hilo naweza kuliapia mbele ya bonge lolote.

*

Siku ya thelathini na nne, mawingu yakiwa yameshafunga upande wa mashariki, Nyamizi alileta safari ya mwisho. Nikajumlisha.

"Tani hamsini, na kilo mbili zaidi."

"Hizo mbili nimekwangua mlangoni kwangu," akasema akihema, "isije ikasemwa limepungua."

Wakati huo huo wakaguzi waliwasili kutoka mji mkuu. Wao katazo la safari halikuwahusu, kwa kuwa ndio walioliandika. Mkaguzi Mkuu alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutosomea. Akapelekwa nyuma ya ofisi. Palikuwa na kilima kirefu kuliko bendera ya kaunti.

"Mashamba yako wapi?" akauliza.

"Haya hapa, mheshimiwa," tukasema sote, watu elfu mbili.

Akavaa miwani ya kwanza, akavaa ya pili. "Naona shamba moja."

Nyamizi akapanda kilima akikimbia, magoti yakizama. Akachota udongo kwa mikono miwili akauinua. "Huu wangu! Mweusi, tazameni! Una mbegu za nyanya ndani!"

"Huo wa kwangu!" akalia mwingine upande wa pili. "Hata wangu mweusi!" "Wangu huo unaoukanyaga!" Bibi kipofu alikaa chini kimya, akachukua udongo kidogo akauonja, akautema, akahama, akaonja tena.

Mkaguzi Mkuu akaandika kwa muda mrefu. Kisha akatusomea.

"Kwa mujibu wa Waraka Namba Saba, shamba litakalofarijiwa sharti liwe limefika ofisini. Hili limefika. Sharti liwe limefika lote. Hili halina kilichobaki kwingine. Sharti lisiwe na kwikwi. Nimelisikiliza. Wanaodai kulimiliki ni elfu mbili na mia tatu na hakuna hata mmoja anayeweza kuonyesha mpaka wake. Ukaguzi unaona kwamba Kaunti ya Mwishoni ina shamba moja, safi, lenye nyaraka kamili, lililo katika kiwanja cha Mheshimiwa Bwenge. Mheshimiwa atakuwa mlezi wake. Faraja yote ya kaunti ilipwe hapa."

Mheshimiwa Bwenge, naomba aandikiwe hili, alishtuka kweli. Alishtuka kwa karibu dakika nzima. Kisha akaomba kipaza sauti.

"Sikulitafuta jukumu hili," akasema, na sauti yake ikatetemeka. "Lakini shamba limenijia. Nani anaweza kulifukuza shamba lililotembea maili mbili na nusu kuja kwake? Wananchi, mmeandika historia. Nchi nyingine watu hulalamika kwamba serikali iko mbali. Ninyi mmeileta ardhi yenu karibu na serikali."

Ikaletwa hundi ya ubao, kubwa kama mlango. Wakaichomeka juu ya kilima. Bendi ikapiga. Kilima hakikusema neno, na gazeti la serikali kesho yake liliandika kwamba kilipokea kwa unyenyekevu.

"Sasa litasaini wapi?" Kifuti akauliza, lakini bendi ilikuwa na tarumbeta nne.

Nyamizi alimfuata Simforoza dirishani. "Mwanangu, sitaki hela. Nipe namba ya bonge langu. Lile la kwanza tu."

Simforoza akatafuta kwenye kabati, akatafuta chini ya kalenda. Alikuwa analia, lakini mwandiko wake ulibaki mzuri. Alimwandikia hati: *Kielelezo Namba Moja kimeunganishwa na wenzake.*

*

Lililokuwa shamba la Nyamizi lilikuwa shimo la kina cha jembe, na chini yake ule udongo mweupe mgumu ambao hata sisimizi huupita na viatu. Wiki ile ile ikamfikia barua ya faini: amechimba bwawa bila kibali.

Jirani walikuja wakakaa ukingoni, kama tunavyokaa msibani. Hakuna aliyewaita. Na kwa kuwa ni msiba, na kwenye msiba mtani ana kazi yake, Mzee Kifuti akashuka shimoni, akajinyoosha chali katikati, mikono kifuani.

Mnajua desturi. Mtani hulala kaburini, hukataa kutoka, hudai alipwe kuku, alipwe pombe, watu wanacheka na machozi yakiwatoka, wanamtupia visenti, anatoka, mazishi yanaendelea.

"Sitoki!" akapiga kelele Kifuti. "Sitoki mpaka nipate faraja yangu! Laki mbili! Nami nimefika lote, miguu hii hapa, kichwa hiki hapa, nipimeni!"

Hakucheka mtu.

"Nipimeni bwana! Mzee wa Mizani yuko wapi?"

Nilitazama pembeni.

"Toka, mtani," akasema Nyamizi taratibu. "Unalala kaburini na anayezikwa hayupo. Yuko kule juu, amepewa hundi."

Kifuti akabaki amelala kitambo, anatazama mawingu. Alipoinuka mgongo wake ulikuwa mweupe. Tangu siku ile sijamsikia akimtukana Nyamizi. Ndipo nilipojua kwamba mambo yameharibika.

*

Mvua ikanyesha. Mashimo ya Mwishoni yalijaa maji, vyura wakahamia, na wizara ikatangaza kwamba kaunti yetu sasa inaongoza kwa mabwawa. Kwikwi iliisha yenyewe, kimya kimya, bila kuomba kibali.

Na kwenye kilima cha Mheshimiwa ukaota mche wa nyanya. Kisha kumi, kisha elfu. Upande mmoja wote, ule ambao mikokoteni ya Nyamizi ilimwaga, ukawa kijani. Nyanya zake zilizooza zilikuwa zimehama na udongo, hazikujua kwamba zimebadilisha mwenyewe.

Shamba likihitaji kupaliliwa, linahitaji watu. Likatoka tangazo la vibarua, kopo mbili za unga kwa siku, jembe uje nalo. Nyamizi akawa wa kwanza kwenye foleni hiyo pia. Mahindi yake matatu aliyaacha juu ya meko. Simforoza aliyeandikisha alimuuliza kama ana uzoefu na udongo wa aina hii.

"Kidogo," akasema Nyamizi.

Akapalilia. Kila jioni vibarua wenzake walinawa miguu bombani kabla ya kuondoka, yeye hakunawa. Aliondoka na matope mpaka magotini, anatembea kwa uangalifu nyasini, ameinua khanga, kama bibi harusi. Akifika kwake hushuka shimoni mahali palipoinuka kidogo, hujikwangua miguu kwa kijiti, hupapasa pale chini, ndipo huingia ndani kupika. Baada ya wiki mbili palikuwa na udongo mweusi wa kujaza kikombe cha chai. Wenzake waliona, nao wakaacha kunawa. Barabara ya Mwishoni jioni ikawa imejaa wanawake wenye miguu michafu wanaotembea polepole.

Mtu akamwambia Mheshimiwa. Sijui nani. Kaunti ni ndogo, na unga kopo tatu ni zaidi ya mbili.

Ukatoka Waraka Namba Nane, *Kuhusu Afya ya Miguu*. Kwa ajili ya kuzuia kwikwi isirudi, kila anayetoka shambani atanawa miguu yote miwili katika beseni langoni, na maji ya beseni yatamwagwa kilimani yasije yakaeneza maradhi. Likanunuliwa beseni. Akatafutwa mtu mwaminifu wa kusimamia, mzee, asiye na tamaa, aliyezoea kazi ya kupokea vya watu na kuviandika.

Mshahara ni kopo tatu. Nilipewa na taulo.

Juzi Nyamizi alifika langoni. Alinawa mguu wa kulia, akanawa wa kushoto, akapekua hata katikati ya vidole nilipomwambia. Maji yakawa meusi. Akanyoosha mikono kupokea taulo, nami nikaona kucha zake. Chini ya kila ukucha palikuwa na mstari mweusi, mnene, umeshindiliwa.

"Mzee wa Mizani," akasema polepole, "waraka unasema nini juu ya mikono?"

Nikatoa miwani. Nikausoma Waraka Namba Nane tangu nembo mpaka muhuri, na muhuri bado una lile doa. Miguu imetajwa mara kumi na saba.

"Hausemi kitu," nikasema.

"Haya."

Sikuweza kujizuia, kazi ya miaka thelathini na miwili haitoki mwilini. Nilipiga hesabu pale pale nyuma ya waraka. Kucha kumi, gramu moja kwa siku, Jumapili zikiwemo, tani hamsini. "Nyamizi," nikamwambia, "shamba lako litarudi lote baada ya miaka laki moja na thelathini na saba elfu, kasoro kumi na minne."

Akafikiri. "Kasoro kumi na minne?"

"Kasoro kumi na minne."

"Hiyo nafuu," akasema, akanirudishia taulo.

Mvua ilikuwa imeanza tena. Akaweka mikono kwapani isilowe, akaenda zake hivyo, bila kuaga kwa mkono.

Nimewaambia yote kama nilivyoyaona. Nina ombi moja tu. Wewe uliyesoma mpaka hapa, kama una ndugu wizarani, usimtajie kucha.